Jina Lililotajwa Kwenye Maombi

Asubuhi ile niliamka Mkolani, Mwanza, nikiwa sina kazi wala sababu ya kubaki. Tofali nilizokuwa nawafyatulia watu wa pale zilikuwa zimekwisha, na tanuru limepoa. Nikakunja shuka, nikalitia kwenye begi pamoja na sufuria yangu ndogo, nikaenda kumuaga mama mwenye nyumba.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijajua, mama."

"Mtu mzima unatoka na begi hujui unakokwenda?"

"Nikifika nitajua."

Akacheka, akaniambia nisimchukulie ndoo yake.

Pale stendi ya Buzuruga nilipanda gari la kwanza ambalo konda wake hakunivuta mkono. Lilikuwa linakwenda upande wa Musoma. Nikakaa kushoto, dirishani, ili nilione ziwa kila linapojitokeza. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Niliacha kwa sababu nilitaka kuona treni inakoishia, na nilipopaona nikataka kuona pengine.

Lakini gari lilipokaribia njia panda moja ninayoijua, nikajikuta nimeinama, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili. Jirani yangu akanitazama. Nikabaki vivyo hivyo mpaka njia panda ikapita.

Kutoka pale barabara ya vumbi inashuka hadi kijiji cha ufukweni. Nilikaa huko miaka kadhaa, nikitoka na kurudi, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Sikitaji kijiji chenyewe. Na mtu ninayetaka kumweleza hapa naye simtaji. Tulimwita Mmisionari, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua vizuri. Utaona kwa nini nimeliacha.

Mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye ng'ombe wengi na sauti ndogo, ndiye aliyenisimulia walivyompokea. Waliambiwa wanaletewa mmisionari. Wakachinja mbuzi, wakaazima kiti chenye mgongo, kina mama wakajipanga kuimba. Gari likasimama, akashuka mtu mweusi, mwembamba, amevaa sweta la sufu katika jua la mchana, na gunia la viazi mviringo begani. Watu wakaendelea kuutazama mlango wa gari.

"Mmisionari yuko wapi?" mzee akauliza.

"Ndiye mimi."

"Wewe? Umetoka nchi gani?"

"Makete."

"Makete ni Ulaya ya wapi?" mama mmoja wa kwaya akadakia.

"Ya kwenye baridi," akajibu, na hapo wakacheka wote, yeye akiwemo. Usharika wa kwao, huko nyanda za juu kusini, ulikuwa umejichangisha kumtuma aje kuhudumia watu wa ziwa. Mwaka mzima akala viazi vya kwao, na sweta hakulivua mpaka lilipotoboka viwiko.

Alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mtu aliloliona kwanza. Aliogopa ziwa, alioga kwa ndoo uani wakati ziwa lote liko hatua chache chini yake. Aliogopa wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi na kufunika mbingu. Asubuhi moja tulikuta nyayo za kiboko katikati ya bustani ya kanisa, zimejaa maji kama karai. Akasimama kuzitazama, kisha akaniambia nikamalizie kupalilia mwenyewe. Yeye atakuwa anaomba, ndani.

Radi ilipopiga, alijifunika blanketi hadi kichwani. Na radi za huko ziwani si za mchezo.

Tofauti yake na waoga wengine ni kwamba hakuficha. Wachungaji niliowasikia kwingine wanapofika kwenye maneno ya msiogope hupandisha sauti, wakapiga meza. Yeye alishusha sauti. Alisema, "Neno hili limeandikwa mara nyingi kwa sababu walioambiwa walikuwa wanaogopa. Mimi mwenyewe jana niliogopa. Nyie je?" Watu wakajikuta wanatikisa vichwa. Wavuvi waliotoka kupambana na mawimbi usiku kucha walikuwa wanamcheka, lakini walikuja. Mmoja aliniambia, "Huyu anatusemea."

Uongo hakuuweza. Kwenye mazishi ya mlevi mmoja aliyejulikana kijiji kizima, familia ilimsogelea kabla, ikamwomba aseme maneno mazuri. Akasimama kaburini akasema, "Ndugu yetu alikuwa mlevi, na alinichimbia choo bila kunitoza kitu." Mjane aliinua uso, nikadhani atakasirika. Akasema, "Kweli kabisa. Hata wewe alikuchimbia?" Watu wakacheka kaburini, na wakalia vizuri zaidi baadaye.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Kwenye drafti alikuwa mtu mbaya. Tulicheza kwa vizibo vya soda, na ukimla kete mbili mfululizo alianza kusema upepo umesogeza vizibo. Ukimshinda, aligoma kuongea mpaka jioni. Sukari aliipima kwa ncha ya kijiko, akikutazama machoni kama vile umekuja kuiba. Halafu mtu huyohuyo akakutana na mgonjwa njiani, akamvua viatu vyake vibovu na kumvika vya kwake, akarudi pekupeku akiruka kila kijiti kwa kuogopa nyoka.

Maswali yangu aliyavumilia kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Nilimuuliza kwa nini Mungu aliumba mamba. Nilimuuliza kama ng'ombe aliyepigwa radi analiwa. Nilimuuliza huko kwao wanaombaje. Hilo la mwisho alilijibu kwa kirefu, na laiti jibu hilo ningelikumbuka Jumapili ile ninayokuja kuisimulia, labda ningemvuta joho.

Aliniambia kwamba kwao, mtu akiwa na shida, hafichwi. Kiongozi wa ibada anamtaja mbele ya watu wote, jina lake la ubatizo na jina la baba yake, na shida yenyewe bila kuifunika. Kanisa zima linasimama. Kutajwa ni heshima. Mtu akitoka hapo, shida yake imeshabebwa na watu wote. "Nilipougua homa ya uti wa mgongo nikiwa mdogo," akasema, "nilitajwa. Mama yangu alinisimulia mpaka alipokufa: walikutaja, mwanangu, wote wakasimama."

Nikamwambia hayo ni mazuri. Na kwao ni mazuri.

Chini ya kanisa, karibu na maji, alikaa mjane mmoja mzee. Tulimwita Bibi. Alibanika samaki. Wavuvi walipotia nanga kabla ya mapambazuko, yeye alikuwa tayari ufukweni na ungo wake, anachagua furu na sato wadogo, kisha anarudi kuwasha moto wa kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe. Siku nzima alikuwa ndani ya moshi. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Kwingine ungesema maskini, moshi umemuumiza. Usukumani, macho mekundu kwa mwanamke mzee ni jambo jingine. Wapo waliokatwa mapanga kwa macho hayo tu.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Mmisionari alikuwa akinunua samaki kwake, na kila mara ilikuwa ugomvi.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma chake cha kubahatisha. Mayu ndiyo mama.

"Mhola. Leo unataka mkia tena? Mtu wa Mungu anakula mikia kama paka."

"Naogopa miiba, mayu."

"Kuna kitu usichokiogopa wewe?"

"Wewe siogopi."

"Kosa lako," alisema, na kumtilia samaki mzima kwenye mfuko, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, juu yake.

Sasa nifike kwenye radi. Masika moja radi ilipiga zizi la jirani wa mzee wa kanisa, ikaua ng'ombe karibu wote. Asubuhi walilala mmoja juu ya mwingine, matumbo yamevimba. Mwenye ng'ombe hakulia. Alifunga safari kwenda kwa mganga, mbali, akarudi baada ya siku kadhaa, na kesho yake kila mtu alikuwa anajua alichoambiwa ingawa hakuna aliyekisema kwa sauti. Mganga hakutoa jina. Alisema ni mwanamke mzee, anayekaa jirani na maji, anayeamka kabla ya watu.

Wanawake wa namna hiyo ufukweni walikuwa wengi. Hofu ikawa imegawanywa, kila nyumba ina kipande chake. Na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona popote tangu nianze kutembea. Wanawake wazee wakaacha kuamka mapema. Watu waliozoea kufagia nyua zao gizani maisha yao yote wakawa wanalala macho wazi vitandani, wakisubiri jua lipande, halafu wanatoka wanapiga miayo kwa sauti na kufagia mchana kweupe ili waonekane. Alfajiri ya kijiji ikawa kimya. Niliitembea alfajiri ile peke yangu.

Bibi peke yake aliendelea kuamka. Samaki hawakungoja jua lipande, na yeye hakuwa na mtoto wa kumlisha. Mmisionari alipokwenda kununua samaki siku moja akamkuta amekaa mbele ya tanuri lake la samaki analia, na hakuwa mtu wa kulia. Alimwambia, "Mwanangu, watu wameacha kunijibu salamu." Mmisionari akarudi nyumbani, hakula. Nikamsikia anaomba chumbani kwake hadi nikapitiwa na usingizi.

Jumapili ile kanisa lilikuwa limejaa, kama inavyokuwa watu wanapoogopa. Ilipofika sehemu ya maombi, Mmisionari akatuomba tusimame. Tukasimama. Akafumba macho. Akataja jina la ubatizo la Bibi, akataja na jina la baba yake, kwa sauti iliyotulia, ya upendo, kama alivyotajwa yeye alipokuwa mtoto. Akasema, "Bwana, umlinde mama yetu huyu, ambaye watu wananong'ona kwamba ndiye aliyeleta radi."

Akangoja tuseme amina.

Hakuna aliyesema. Mbele yangu alisimama bibi mwingine wa ufukweni, naye jirani na maji, naye mzee. Nikaona mabega yake yanashuka taratibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Haikuwa yeye. Mwingine kule upande wa kina mama akashusha pumzi ndefu. Bibi mwenyewe alikuwa benchi la nyuma. Sikugeuka kumtazama. Hakuna aliyegeuka, na ndilo lililonitisha zaidi: watu wote wale, hata mmoja hakugeuka.

Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa alimshika Mmisionari mkono, akamvuta nyuma ya jengo. Mimi nilikuwa pale naokota majembe.

"Mmisionari, umefanya nini?"

"Nimemwombea."

"Umemtaja."

"Kwetu, mzee, mtu akiwa na shida..."

"Hapa si kwenu, baba. Mganga hakutaja jina. Mwenye ng'ombe hakutaja. Sisi wote tumekaa na midomo yetu imefungwa ili jina lisitoke. Sasa limetoka. Limetoka kanisani, kwa mtu asiyejua kusema uongo."

Mmisionari akakaa chini, kwenye udongo, na joho lake. Sikumsikia akijitetea. Alisema tu, "Nitatangaza Jumapili ijayo kwamba si yeye."

"Ukimtaja mara ya pili umemzika," mzee akasema.

Kesho yake niliamka gizani kama kawaida yangu, nikatoka nje. Nikasikia fagio. Kisha fagio la pili, na la tatu. Katika kila ua kulikuwa na mwanamke mzee anafagia. Walikuwa wameanza kuamka tena.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa mama wa chai, mchana, pakafika mtu mmoja wa pikipiki ambaye hakuwa wa huko. Alikuwa msafi, mpole, ana shati lililopigwa pasi. Akasalimia kila mtu. Akaagiza chai na chapati. Alipokuwa anakoroga akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Yule bibi wa samaki kule chini, ana mbwa?"

Mama wa chai alikuwa anamimina. Chai ikajaa kikombe, ikamwagika mezani, yeye bado anamimina.

"Sijui," akasema.

"Haya. Asante, mama. Chapati zako laini." Akalipa, akaondoka.

Nilimfikishia Mmisionari. Akakimbia kwa mwenyekiti wa kijiji, akarudi mikono mitupu. Mwenyekiti alimwambia, "Hakuna aliyemgusa mtu. Mtu kuuliza habari ya mbwa ni kosa gani?"

Mmisionari akakaa kitako kitandani kwake. Kisha akaanza kukunja godoro.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Bibi."

"Kufanya nini?"

"Kulala."

"Wakija utafanya nini?"

"Nitapiga kelele. Kelele naweza."

"Umewahi kupigana?"

"Hata shuleni sijawahi."

"Sasa?"

Akafunga kamba ya godoro. "Wamejipanga kukuta mmoja," akasema. "Wakikuta wawili, labda watarudi kujipanga upya. Labda. Nishikie upande ule."

Alichagua saa ya kina mama kuteka maji, ili tuonekane. Tukashuka na godoro katikati ya kijiji, jua kali, ndoo zimesimama pande zote. Godoro lilimponyoka mara mbili. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nyuma, natazama mgongo wake uliolowa.

Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unahamia kwangu kwa ruhusa ya nani?"

"Nimekuponza, mayu."

"Umeniponza, basi uje na kunimalizia unga?"

"Nimekuja na unga wangu."

"Na sukari?"

Akalitua godoro kwanza. "Na sukari," akasema.

Akampisha.

Mmisionari akakaa kule msimu mzima. Asubuhi alikwenda naye ufukweni, yeye aliyekuwa haogi ziwani, akamshikia ungo huku maji yanamfika vifundoni na amefumba macho. Mchana alikaa naye jikoni, ndani ya moshi, kwa sababu hakukubali kumwacha hata kwa muda wa kuchemka chungu. Nilikuwa nawapelekea maji. Nilisikia wakigombana kutoka mbali: kuhusu chumvi, kuhusu namna ya kupanga kuni, kuhusu kama Makete kuna watu au nyani tu. Nikikaribia nilimkuta ameinua kichwa, ananitazama mpaka ahakikishe ni mimi. Alikonda. Alikuwa anashtuka jani likidondoka.

Moshi ni moshi. Haumtambui mtu wa Mungu. Baada ya muda macho yake yakaanza kuwa mekundu.

Jumapili moja kulikuwa na ubatizo. Mama mmoja akaja mbele na mtoto wake mchanga. Mmisionari akanyoosha mikono ampokee. Yule mama akamtazama usoni, akatazama macho yale, nami nikamwona anamhamisha mtoto kutoka bega la kulia hadi la kushoto.

"Mtoto ana homa," akasema. "Tutakuja siku nyingine."

Akarudi kukaa. Mmisionari akabaki na mikono yake hewani. Alielewa. Hakuna mtu kanisani ambaye hakuelewa. Jumapili iliyofuata mabenchi ya mbele yalikuwa matupu.

Halafu mtu wa pikipiki akarudi. Saa ileile ya mchana, shati limepigwa pasi, chai na chapati. Safari hii aliniuliza mimi.

"Kaka, yule mtu wa Mungu bado analala kule kule?"

"Sijui," nikasema.

"Haya. Naye basi."

Neno lile, naye. Nilisubiri pikipiki ipotee, nikashuka mbio. Nilimkuta Mmisionari anamenya muhogo. Nikamweleza. Kisu kikasimama, kisha kikaendelea kumenya, muhogo ukawa unakatika vipande vinene. "Asante," akasema. "Sasa wewe nenda. Na usije tena leo."

Kesho yake nilishuka jua lilipochomoza. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Ndani hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwepo. Sufuria zilikuwepo. Na juu ya tanuri samaki walikuwa wamepangwa, nusu wamekauka, nusu wabichi, inzi wamewajaa. Bibi hakuwahi kuacha samaki. Nikazunguka nyuma ya nyumba, natazama ardhi. Mwanzoni sikujua natafuta nini pale chini. Halafu nikajua, nikaacha kutazama.

Nikapanda kwa mzee wa kanisa. Alikuwa anawakagua ng'ombe wake kama wana kupe.

"Wamekwenda," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umewaona wakienda?"

"Nimesema wamekwenda."

"Kwa miguu yao?"

Akaacha ng'ombe, akanitazama kwa huzuni au kwa kitisho. Mpaka leo sijaamua. "Begi lako lina mkanda?" akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo. "Livae."

Nililivaa. Niliondoka kwa mguu, kupitia mashamba ya pamba, na nilikuwa nageuka nyuma kila ninaposikia pikipiki.

Tangu hapo, miaka kadhaa, kila soko nililopita niliwatazama wabanika samaki wazee usoni. Redio ikianza habari ya miili iliyookotwa, nilikuwa naomba mwenye redio apunguze sauti. Sikumuuliza mtu yeyote. Mimi, niliyeuliza kuhusu mamba.

Basi, turudi kwenye gari. Lilipita Bunda, na mbele yake kiasi nikaona ziwa limekuja karibu na barabara, na watu wanaanika dagaa. Nikamwambia konda nashuka. Nikatembea kwa njia ya miguu mpaka kijiji cha ufukweni ambako watu walikuwa wanaongea Kijita. Hakuna aliyenijua. Nikanunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja, nikamuuliza pa kulala.

"Gesti? Hapa kaka hata mwenyekiti hana kitanda cha ziada. Nenda pale kwenye kanisa la bati. Kuna bwana wa kanisa ana chumba nyuma ya nyumba. Lakini ni mwoga yule. Bisha hodi ukiwa mbali."

Nikasimama na samaki mkononi.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipobisha, nikiwa mbali. Mmisionari alitoka mlangoni, nywele zimekuwa nyeupe, mwembamba zaidi. Alinitambua mara moja. Nilitegemea furaha. Nilichokiona usoni pake sijawahi kukisababisha kwa mtu mwingine. Alikuwa ananiogopa mimi.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Nani anajua uko hapa?"

"Hakuna anayejua. Hata mimi asubuhi nilikuwa sijui. Nilipanda gari tu, nikashuka nilipochoka."

Akanitazama mkononi, begani, nyuma yangu hadi njiani. Alikuwa anajua tabia yangu. Kwa mtu mwingine jibu lile lingekuwa uongo. Mabega yakamlegea kidogo tu.

"Bibi yuko wapi?" nikauliza.

"Bibi gani?" akasema, na akatazama chini. Ulikuwa uongo wa kwanza kuusikia kinywani mwake, na aliusema vibaya, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Nikaogopa kuuliza zaidi. Inawezekana mtu akasema vile kwa sababu anaficha. Inawezekana pia akasema kwa sababu hakuna tena wa kufichwa.

"Nataka pa kulala tu," nikamwambia. "Kesho naendelea mbele. Sirudi Mwanza."

Akafikiri. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba kidogo chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo la nondo. Mlango ulikuwa na komeo, lakini lilikuwa upande wa nje.

"Nitakufungia," akasema. "Utaniwia radhi. Si kwamba nakufikiria vibaya. Naogopa."

"Funga, baba," nikasema.

Mlango ukarudi, komeo likaingia. Nikakaa kitandani, begi mapajani. Nilikuwa naogopa na mimi, kwa kuwa mtu aliyefungiwa hajui kinachofuata. Nikamsikia anatembea hadi upande mwingine wa ua. Akagonga mlango mahali fulani, polepole. Akasema neno. Mlango ukalia.

Kisha nikasikia miguu mizito inaburuta kandambili, na fimbo inagonga chini.

"Umemfungia mgeni?" sauti ikasema.

"Ndiyo, mayu."

"Kama mbuzi?"

"Mpaka asubuhi tu, mayu."

"Ameshakula?"

Mmisionari akakohoa.

"Nakuuliza, amekula? Wewe na uoga wako, utamlaza mtu na njaa katika nyumba ninayokaa mimi?"

Nikasimama. Nikasogea dirishani, lakini lilikuwa juu, sikuona kitu ila mbingu. Sufuria zikagongana nje. Wakabishana kuhusu chumvi. Baadaye mkono mkavu, wenye makovu ya moto, ukapita kati ya nondo na sahani ya ugali na samaki.

Nikaipokea kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bibi."

Nilisikia anapumua, nje pale, karibu sana.

"Marahaba," akasema. "Kula kabla hakijapoa."